Drahthaar: Kazi Kwanza, Umbo Baadaye

Wengi humpendea Drahthaar, mbwa wa kuwinda wa Kijerumani, ndevu zake na zile nyusi nene zinazompa sura ya mzee wa baraza. Waliomtengeneza hawakuanzia hapo.

Mapinduzi ya 1848 yaliwavunjia makabaila wa Ujerumani ukiritimba wa kuwinda. Haki hiyo ikafuata umiliki wa ardhi. Bwana mkubwa alifuga mbwa tofauti kwa kila kazi, ilhali mwindaji mpya alimudu mmoja tu. Huyo mmoja alipaswa kunusa kware na kusimama tuli kuonyesha walipojificha, kumfuata bata majini, na kufuatilia damu ya kulungu aliyejeruhiwa. Hegewald, jina la uandishi la Sigismund von Zedlitz und Neukirch, alimpigania sana mbwa wa namna hiyo mwenye manyoya magumu. Chama cha Verein Deutsch-Drahthaar, kilichoanzishwa 1902, kikachanganya damu ya mbwa wa aina za Griffon, Stichelhaar, Pudelpointer na Kurzhaar. Kilichotakiwa ni mbwa afanye kazi vizuri. Umbo lingekuja lenyewe.

Siri iko kwenye majaribio ya chama hicho. Katika lile la machipuko, mbwa mchanga hupelekwa mahali sungura alipopita, sungura mwenyewe akiwa ameshatoweka. Mwamuzi hutazama kama pua itashuka chini na kubaki kwenye harufu hata njia inapokata kona. Husikiliza pia: je, mbwa anabweka kwa harufu tu, au mpaka amwone mnyama? Hayo ni mambo ya kurithi, ndiyo maana hupimwa mapema. Majira ya vuli huja zamu ya bata kwenye matete. Manyoya nayo hukaguliwa, kwa kuwa yale ya juu, yenye urefu wa sentimita 2 hadi 4, hukinga miiba, na yale laini ya chini huzuia baridi ya maji. Ndani ya chama, asiyefaulu hazalishwi.

Kwa hiyo anayemchukua kama mwenzi wa nyumbani anachukua pia kazi yote hiyo. Drahthaar hushikamana mno na watu wake, na akishachoka kwa kazi hutulia ndani. Lakini alizalishwa awe mkali kwa mbweha, na paka wa jirani hamwoni tofauti sana. Kwa maoni yangu, familia inayotoka naye mwisho wa wiki tu isimchukue kabisa. Anayeamua kumchukua aombe matokeo ya majaribio ya wazazi wote wawili, na picha za eksirei za nyonga zao, kabla hata ya kuwatazama watoto.

Asiyewinda naye ampe pua yake kazi. Buruta ngozi ya sungura majanini, hatua chache mwanzoni, baadaye hadi mita 300 zenye kona mbili, mbwa asikuone. Kisha mlete mwanzo wa njia, mfungue kamba, unyamaze.