Ufunguo wa Kifuani

Wengi wenu mwakijua kitabu cha John Bunyan, kilichopigwa chapa Uingereza mwaka 1678, kielezacho safari ya Mkristo kwenda Mji wa Mbinguni. Humo twasoma jinsi yeye na mwenziwe Tumaini walivyofungwa ngomeni mwa jitu Kukata-Tamaa. Tangu Jumatano hata Jumamosi walikaa gizani pasipo chakula, wakipigwa, mpaka Mkristo akakumbuka kwamba kifuani mwake mna ufunguo uitwao Ahadi.

Hapo mwandishi hakutudanganya. Ufunguo ulifungua milango yote, walakini kufuli la lango la chuma lilikuwa gumu mno. Basi mwenye kuamini asidhani kwamba kila mlango utafunguka upesi.

Lakini nina neno moja la kulaumu. Wasafiri wale walifungwa kwa kuwa waliiacha njia, wakafuata kijia chepesi. Wako wasomao hayo, na wakimwona jirani aliyefiwa au aliyekosa mavuno, husema moyoni, “Huyu ameiacha njia.” Rafiki zake Ayubu walinena vivyo hivyo, na Mungu akawakemea. Tena Bunyan mwenyewe alifungwa Bedford tangu 1660 hata 1672, si kwa kuiacha njia, bali kwa kuwa hakukubali kuacha kuhubiri.

Kwa hiyo, ndugu, tumwendeapo aliye gizani, tusimwulize alipotea wapi. Tuketi naye, tumkumbushe ufunguo alio nao kifuani.