Kodi za Gitaa na Wimbo wa Manyoni

Pengine hapana chombo cha kigeni kilichopokelewa nchini mwetu kwa mapenzi makubwa kama gitaa. Santuri za Kikuba, zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930 kwa alama ya GV, ziliyafunza masikio ya vijana wa mijini, na bendi za dansi zikazaliwa. Wasanii kama Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz walilifanya gitaa lizungumze Kiswahili. Hatuna ugomvi na urithi huo. Swali letu katika makala haya ni dogo: mtungaji akiwa na wimbo wake kichwani na gitaa mikononi, azitoe wapi kodi, yaani ile milio inayopigwa pamoja ili kuusindikiza wimbo? Tutalichunguza swali hilo katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, kwa kuwa huko mazoea peke yake hayatoshi kulijibu.

Manyoni ni wilaya ya watu wengi, na miongoni mwao wamo Wagogo. Mpaka wa utawala unaotenga Singida na Dodoma haukuukata wimbo wao: zeze, malimba na muheme wa akina mama husikika pande zote mbili. Uimbaji wa Wagogo ni wa sauti nyingi, na mwanafunzi wa muziki hana budi kuuelewa mpangilio wake kabla hajaugusa uzi wa gitaa.

Tukitumia lugha ya solfa, ambayo kwaya zetu zimeizoea, ngazi ya nyimbo hizo ina milio mitano: do, re, mi, so na ta. Huyo ta ni ti aliyeshushwa. Fa hayumo, la hayumo, wala ti mwenyewe hayumo. Mwimbaji wa pili naye hachagui sauti yake ovyo. Akitazama ngazi hiyo, huruka mlio mmoja na kushika ule unaofuata. Hivyo do huambatana na mi, re na so, mi na ta, so na do ya juu, ta na re ya juu. Mtaalamu Gerhard Kubik wa Austria, aliyeanza kurekodi muziki nchini mwetu miaka ya 1960 ilipokuwa inaanza, ameueleza utaratibu huu wa kuruka mlio, na ameonyesha kwamba ngazi yenyewe inatokana na sauti za asili zilizomo ndani ya mlio mmoja.

Jambo hilo la mwisho linahitaji maelezo. Uzi uliokazwa ukipigwa hutetema wote kwa pamoja, lakini papo hapo hutetema pia kwa nusu yake, theluthi yake, robo yake na kuendelea. Ndani ya mlio mkubwa mmejificha milio midogo iliyopangwa kwa hesabu. Wa nne ni do, wa tano mi, wa sita so, wa saba ta, wa nane do tena, wa tisa re na wa kumi mi. Hiyo ndiyo ngazi ya Wagogo. Ta ya namna hiyo iko chini ya ile ipatikanayo kwenye gitaa kwa karibu theluthi ya nusu toni. Msikilizaji aliyezoea gitaa anaweza kudhani mwimbaji amekosea, kumbe mwimbaji yuko mahali pake na gitaa ndilo lililo mbali.

Sasa tuchukue mfano wa kijana wa Manyoni anayetunga wimbo wa kilimo au wa harusi kwa namna ya nyumbani kwao, kisha akautafutia kodi. Aghalabu ataanza na zile tatu ambazo kila mwanafunzi wa gitaa hufundishwa kwanza: kodi ya do, kodi ya fa na kodi ya so. Tuzipime moja moja. Kodi ya do ina do, mi na so. Hiyo yote imo wimboni. Kodi ya fa ina fa, la na do; milio miwili kati ya mitatu ni migeni kabisa. Kodi ya so ina so, ti na re, na huyo ti atagombana na ta kila wanapokutana. Kati ya kodi tatu alizoziamini, ni moja tu isiyouharibu wimbo.

Huenda kijana huyo, kwa kuwa ana sikio, akagundua kwamba ta inadaiwa, akaiongeza katika kodi ya do. Amekaribia ukweli, lakini mazoea yatamponza tena. Katika muziki wa Kizungu, na katika dansi iliyourithi, do, mi, so na ta zikipigwa pamoja huleta shauku ya kuhama kwenda fa. Vidole vya mpigaji vitahama vyenyewe. Katika wimbo wa Kigogo milio hiyo haimsukumi mtu kwenda popote. Imetulia, ndiyo makazi yenyewe. Mpiga gitaa anapohamia fa huwaacha waimbaji nyuma, nao kwa adabu humfuata, na sauti ya pili hulazimika kubadilika. Wimbo ukiimbwa hivyo kwa miaka kadhaa, watoto watakaoupokea hawatajua kwamba palikuwa na sauti nyingine.

Hapo ndipo tunapoona uzito wa jambo hili. Tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba shuleni tulifunzwa nyimbo za Wazungu, na akauliza ni wangapi waliofunzwa nyimbo za Wanyamwezi au Wahehe. Tangu siku hiyo nyimbo zetu zimeingia shuleni, jukwaani na redioni. Lakini tunaweza kuyahifadhi maneno yote ya wimbo wa Kigogo, tukahifadhi na mavazi na hatua za ngoma, na chini yake tukaweka muziki wa kwingine. Hasara ya namna hiyo ni ngumu kuigundua, kwa kuwa kila mtu husikia lugha yake na kuridhika.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuliweka gitaa kando. Hatukubaliani nao. Marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na malimba kutoka Dodoma, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alirekodi pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Ikiwa bingwa huyo hakuliogopa gitaa, sisi tuliogopee nini? Linalotakiwa ni gitaa lije kuusikiliza wimbo kabla ya kuusindikiza.

Njia ipo, tena ni rahisi. Nyuzi za gitaa, kuanzia ule mnene, huitwa E, A, D, G, B na E. Tuifanye A kuwa do. Mara moja E mbili zinakuwa so, B inakuwa re, na G inakaribia kuwa ta. Ni D peke yake iliyo ngeni, kwa maana ndiyo fa. Basi tuulegeze uzi wa D kwa nusu toni na chembe zaidi, uwe mi. Na uzi wa G kwa theluthi ya nusu toni, uwe ta ya kweli. Sasa nyuzi zinasomeka hivi: so, do, mi, ta, re, so. Msomaji apige nyuzi mbili mbili zinazopakana. Atapata so na do, do na mi, mi na ta, ta na re, re na so. Ni jozi zile zile tano za waimbaji wa Kigogo, hakuna iliyozidi na hakuna iliyopungua.

Aliye na shaka juu ya kipimo cha ta asiulize kitabu. Auguse kwa wepesi, bila kuukandamiza, uzi wa A katika sehemu ya saba ya urefu wake, kabla kidogo ya kijiti cha tatu cha shingo, na aupige. Atasikia mlio mwembamba wa juu: ni ta ya Wagogo, imo ndani ya uzi uliotoka kiwandani. Uzi wa G na ulegezwe mpaka upatane na mlio huo. Waimbaji wakitaka kupanda juu, kibano kifungwe shingoni kishike nyuzi zote sawasawa.

Baada ya hapo mtungaji auimbe wimbo wake bila gitaa, mwenzake ashike sauti ya pili, na gitaa lifuate jozi wanazozipita, nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Asione haya kuacha nyuzi nne kimya. Hata katika bendi zetu za dansi, solo na ridhimu kila moja hupiga sehemu yake ndogo, na utamu hupatikana katika kupokezana.

Hatusemi kwamba mtego huu wa nyuzi unafaa kila wimbo wa Mkoa wa Singida. Wanyaturu na Wanyiramba wana nyimbo zao, nazo zisikilizwe kwa masikio yao wenyewe. Tunachosisitiza ni mwendo wa kazi. Wimbo huja na wenzi wa sauti zake, na mtungaji anayetafuta kodi hana budi kuanza kwa kumuuliza yule anayeimba sauti ya pili. Vyama vya muziki, walimu wa shule na viongozi wa kwaya wakiuzoea mwendo huo, mtoto wa Manyoni atakayeshika gitaa kesho ataweza kukaa karibu na bibi yake anayepiga muheme, wakaimba wimbo mmoja.