Sifa ya Mfyatua Matofali

Fundi wa matofali ya kufungamana haanzi na mashine. Huchota udongo aliokwisha kuuchekecha na kuuchanganya na saruji, akaunyunyizia maji, akaufumbata uwe tonge, kisha akaliachia lianguke kutoka usawa wa bega. Likisambaratika lote, maji hayajatosha. Likibonyea tu bila kumeguka, yamezidi. Likitoa vipande vinne au vitano, ndipo humwita mwenzake ashike mpini.

Watu hulisifia lile dude la chuma. Mimi namsifia mwenye tonge. Mashine ya mkono, ya ukoo wa CINVA-Ram aliyoibuni Raúl Ramírez kule Bogotá miaka ya 1950, hushindilia kwa megapaskali 2 hivi, yaani mara 20 ya kanieneo ya hewa. Linganisha na kule Japani: mwaka 2003, Tetsuo Irifune na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ehime walitangaza almasi ngumu ajabu, yenye chembe za nanomita makumi machache, waliyoipata kwa kubana grafiti kwa zaidi ya mara 100,000 ya kanieneo hiyo, katika joto lililozidi nyuzi 2,000. Mbele ya hayo mpini wetu ni mchezo. Ila unachobana nacho ni cha nano.

Mkulima wa Nyashimo, mkoani Simiyu, anaujua udongo wake kwa majina: luseni ni wa kichanga, mbuga ni ule mweusi unaonasa magurudumu masika na kupasuka nyufa kiangazi. Mfinyanzi wa mbuga umepangika kwa vibamba vyenye unene wa nanomita 1 hivi. Maji yakiingia katikati yake, udongo hufura. Yakitoka, hunywea, na ukuta nao hufuata. Kwa hiyo fundi huchukua wa kichanga wenye mfinyanzi kidogo tu wa kuushika. Mfinyanzi ukizidi, chokaa huufaa kuliko saruji.

Mpini ukishuka, hewa hutoka na chembe husogeleana. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza: saruji na maji huzaa ute mgumu, nao wa kipimo cha nano, unaojaza nafasi zilizobaki na kuzing'ang'ania chembe. Ute huo hauna haraka. Matofali hupangwa kivulini, hufunikwa nailoni na kumwagiliwa wiki nzima au zaidi, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mteja huja siku ya tatu na mkokoteni. Fundi mzuri humrudisha mikono mitupu, hata kama njaa inamuuma, na sijui sifa gani inaizidi hiyo.

Tena matofali haya hayachomwi, wala hayadai kuni. Mwaka 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza Shinyanga, jirani hapo, kurudisha miti iliyokwisha kufyekwa, na ngitili, yaani malisho yanayotengwa, zikafufuliwa kwa jasho. Matanuri bado yanakula kuni, maana wengi wetu tunapenda tofali jekundu.