Kiswahili cha Kranki na Pistoni

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakiwezi kufundishia nadharia ya mitambo kwa kuwa kimepungukiwa na istilahi. Dai hilo limeelekezwa pasipo. Mafundi wa gereji wamekwisha kuziswahilisha kranki, konrodi na pistoni, na hisabati ina pembe, nusukipenyo na kipeuo. Udhaifu umo katika sentensi.

Maelezo yaliyozoeleka ni haya: kranki huzunguka na pistoni huenda na kurudi. Ni kweli, tena ni fasaha, lakini hayasemi lolote juu ya uhusiano wa miendo hiyo miwili. Kiambishi hu- hutaja mazoea. Trigonometria hudai sharti, na sharti hubebwa na -ki-.

Mathalani, mkono wa kranki uwe milimita 50 na konrodi milimita 200. Umbali wa pistoni kutoka kitovu cha kranki ni jumla ya sehemu mbili: 50 mara kosaini ya pembe, na kipeuo cha pili cha tofauti baina ya mraba wa 200 na mraba wa 50 mara saini ya pembe ile ile. Pembe ikiwa nyuzi 0, umbali ni milimita 250. Ikiwa 180, ni 150. Aliyelelewa na "kwenda na kurudi" atatarajia kuwa kwenye nyuzi 90 pistoni iko katikati, yaani 200. Haiko. Kosaini ya 90 ni sifuri, na kipeuo kinachobaki ni 193.65 hivi. Robo tu ya mzunguko imepita, na pistoni imekwisha kwenda zaidi ya milimita 56 za safari yake ya 100, kwa sababu konrodi imeinama. Kadiri konrodi inavyorefushwa, ndivyo tofauti hiyo inavyopungua, na hiyo "kadiri... ndivyo" ni sarufi ya kila siku, haikuundwa na kamati.

Wengine hukerwa na saini, ati tayari ni kutia sahihi. Hofu ndogo hiyo. Waarabu waliazima jiba kutoka Kisanskriti, ambako asili yake ni upote wa upinde. Watafsiri wa karne ya 12 wakalisoma jaib, mkunjo wa vazi kifuani, wakaandika sinus kwa Kilatini. Hesabu hazikudhurika.

Jozi ya kipeo na kipeuo ndiyo yenye hatari, maana irabu moja hugeuza jibu zima. Darasani mkazo husaidia, kwani huhama kutoka -pe- hadi -u-. Mchapaji hana mkazo.