Kusoma Upya "Uhuru wa Watumwa"

Kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, nilikisoma mara ya kwanza nikiwa mtoto wa shule, na nakiri kwamba nililia. Miaka mingi baadaye nilikirudia nikakasirika, hata nikakirusha mezani. Hivi karibuni nimekisoma tena, taratibu, na sasa nadhani naweza kukisema kwa haki.

Kwa msomaji ambaye hajakiona, kilitolewa mwaka 1934. Mwandishi ni mwana wa mtu aliyetekwa bara, pande za Ziwa Nyasa, akaswagwa hadi pwani, akapakiwa jahazini, na jahazi lile likakamatwa na manowari ya Waingereza. Mzee akaishia Freretown, kijiji ambacho wamisionari wa CMS walikianzisha mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kwa ajili ya mateka waliookolewa baharini. Wenyeji wa Mombasa wanapajua zaidi kwa jina la Kengeleni, kwa sababu ya kengele ya kijiji hicho.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa huko. Ukimwuliza kabila lake alijibu, "Mimi mtu wa Kengeleni," kisha akatafuta kazi jikoni. Hakusema zaidi mpaka anakufa. Basi nina deni kwa Mbotela: yeye aliyaandika yale ambayo nyumbani kwetu hayakusemwa. Kurasa za safari, kutoka kijijini hadi jahazini, ndizo roho ya kitabu. Hapo mwandishi ni mwana anayesimulia alichokisikia kwa babake, na Kiswahili chake hakina mapambo.

Ila manowari ikishatokea, kitabu kinabadilika sauti. Hapo huanza shukrani, na Mwingereza hana kosa lolote. Tazama vitenzi: watu wanaokolewa, wanakombolewa, wanafundishwa. Jina la kitabu linasema uhuru ni *wa* watumwa, lakini ndani yake uhuru ni zawadi, nao watumwa ni wapokeaji. Mwalimu wetu alikisoma hivyo hivyo. Alitwambia tushukuru, tukashukuru.

Lakini Rabai si mbali na Freretown, na huko mambo yalikwenda vingine. Watumwa wa mashamba ya pwani walitoroka wenyewe, kwa miguu yao, wakajazana kwenye misheni, na wengine wakajenga vijiji vyao kama Fuladoyo. Hakuna manowari iliyowafuata. Mwaka 1888 mabwana walipokuja juu wakidai mali yao, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza, IBEA, aliona hana njia ila kuwalipa, na siku ya 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Hati zilikuja baada ya watu kwisha kuondoka. Nionavyo mimi, mtoro ndiye aliyestahili kuwa shujaa wa kitabu chenye jina kama hili, naye hakupewa nafasi hiyo.

Na hao wakombozi wenyewe hawakuwa na haraka. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitishwa kwa manowari mpaka akafunga soko la watumwa la Unguja. Lakini Waingereza walipoiweka Unguja chini ya himaya yao mwaka 1890, utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali miaka saba mizima. Karafuu zilihitaji mikono. Amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Bwana alilipwa fidia, mtumwa hakulipwa kitu, tena alitakiwa aonyeshe anakaa wapi na anaishi kwa njia gani. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Mombasa na pwani yake ilingoja hadi 1907.

Wadachi nao walipompiga Abushiri mwaka 1888 na 1889 waliitangazia Ulaya kwamba wanapigana na biashara ya watumwa. Waliondolewa Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia bila kuufuta utumwa, ulifutwa 1922. Na Mfalme Leopold, aliyejiita adui wa utumwa mbele ya mataifa, mwaka 1887 alimfanya Tippu Tip liwali wake huko Stanley Falls. Nikiyakumbuka hayo, shukrani za Mbotela hunikwama kooni.

Hata hivyo simlaumu sana. Kitabu cha Kiswahili cha mwaka 1934, chini ya serikali ya kikoloni, kilipita mlango mwembamba. Tena babake kweli alitolewa jahazini na mabaharia wa Kiingereza. Mtu hawezi kuombwa awe mtovu wa adabu kwa waliomwokoa mzazi wake. Kosa langu mimi na mwalimu wangu lilikuwa kuifanya shukrani ya nyumba moja kuwa historia ya pwani nzima.

Kuna wasomaji wengine ambao siwezi kukubaliana nao, na baadhi yao ni rafiki zangu wa barazani. Wao husema kitabu chote ni uzushi wa wamisionari, kwamba mtumwa wa pwani alikuwa kama mtoto wa nyumbani, akila na kuvaa kwa bwana wake. Siku moja niliwauliza: mtoto gani wa nyumbani huyo anayeuzwa? Wakaniambia nimesoma sana vitabu vya Wazungu. Sikuwajibu. Nilimkumbuka Bibi, na jinsi alivyokuwa akiinuka kila anapoulizwa kabila lake.

Nakala yangu, iliyokwisha kutoka jalada, nimempa mjukuu wangu wa kike. Nimemwambia zile kurasa za safari azisome polepole, na akifika kwenye shukrani achukue penseli.