Chemirocha: Jina la Mgeni katika Fasihi Simulizi ya Wakipsigis

Utangulizi

Mtu anayeondoka Chebunyo, kwenye malisho ya Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, akapanda hadi mashamba ya majani chai ya Kericho, atatambua kuwa silabi moja inamfuata njia nzima. Ataisikia katika majina ya mahali: Chebunyo kwenyewe, Chepalungu, Chemosit. Ataisikia katika majina ya wanawake, kama vile Chebet na Chelangat. Na akifika penye ngoma, huenda akaisikia tena katika jina la ala ya nyuzi, yaani chepkong. Katika ukoo huo wa majina limo moja lenye asili ya ng'ambo. Jina hilo ni Chemirocha, nalo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kantri.

Wimbo wa Kipsigis unaobeba jina hili umepata umaarufu nje ya Kenya, lakini umaarufu huo umejengwa juu ya kicheko. Husimuliwa kama kisa cha watu wa mashambani waliosikia santuri wasiielewe, wakamgeuza mwimbaji kuwa mungu. Makala haya yanapinga usomaji huo. Hoja yake ni kwamba jina na wimbo ni matokeo ya ubunifu wenye kanuni, na kwamba kanuni hizo zimo katika lugha na ngano za Wakalenjin wenyewe.

Mwimbaji, Santuri na Mrekodi

Rodgers alizaliwa mwaka 1897, akafanya kazi ya breki katika magarimoshi ya kusini mwa Marekani, na akarekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, mwezi wa Agosti 1927. Kifua kikuu kilimuua Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Sifa yake kuu ilikuwa ile mbinu ya kuirusha sauti ghafula kutoka chini hadi juu kabisa na kuirudisha, mbinu iitwayo yodeli. Santuri zake zilivuka bahari, na zilifika hata katika nchi ya Wakipsigis, ambako tangu miaka ya 1920 makampuni ya Uingereza yalikuwa yakipanda majani chai juu ya ardhi iliyokuwa ya wenyeji.

Mwaka 1950, miaka 17 baada ya kifo cha mwimbaji huyo, Hugh Tracey alipita huko akirekodi muziki. Alirudi na nyimbo tatu zenye jina Chemirocha. Mbili zilitendwa na wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyovuma, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake wa Kipsigis, nyuzi zikiwasindikiza. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha katika wimbo huo ni nusu mtu nusu paa, na wasichana wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka kwa nguvu hata achopoke katika nguo zake. Tracey anamfananisha na Pan, mungu wa Wayunani wa kale.

Utohozi wa Jina

Tuanze na jina. Katika Kikalenjin hakuna upambanuzi wa kifonolojia baina ya sauti ya Kiingereza inayoanza jina Jimmie na sauti tunayoiandika ch. Kwa hiyo sauti hiyo, mwanzoni mwa Jimmie na katikati ya Rodgers, imekuwa ch. Maneno mawili yameunganishwa yakawa moja, na s ya mwisho imedondoshwa. Hadi hapo ni utohozi wa kawaida. Jambo la kuzingatia ni irabu ya kwanza. Kwa kuwa e badala ya i, jina limepata sura ya kiambishi awali kilekile kinachoanza majina ya wanawake, ya mahali na ya vitu, ilhali majina ya wanaume huanza aghalabu kwa Kip-. Mwanamume wa Mississippi hakupewa jina la kiume la Kipsigis. Aliwekwa upande wa pili, upande wenye wanawake, ala za muziki na viumbe wa ngano. Mtu asiyeelewa alichosikia hawezi kukitia katika sarufi yake kwa ustadi wa namna hiyo.

Pan au Chemosit?

Kwa nini nusu mnyama? Tracey alijibu kwa kwenda Uyunani. Lakini jibu la karibu zaidi lilikuwa limekwisha kuchapishwa. Hollis (1909), akiandika juu ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na mila, anamweleza Chemosit: nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na mdomo mwekundu unaong'aa usiku mithili ya taa. Zimwi hili huimba gizani karibu na makao ya watu. Watoto wakiuona mwanga na kuisikia sauti hudhani kuna ngoma, huifuata, nao huliwa.

Tukiziweka sura hizi mbili sambamba, ulinganifu wake ni mkubwa. Kila mmoja ni nusu mtu. Kila mmoja ni mwimbaji anayesikika kabla ya kuonekana. Kila mmoja anahusishwa na ngoma, na katika kila simulizi wanaohusika ni vijana. Santuri nayo ilileta nini? Ilileta sauti isiyo na mwili, sauti ya mwanamume aliyekwisha kufa, inayopanda na kushuka kwa namna isiyo ya kawaida ya binadamu. Hadhira iliyolelewa na ngano za Chemosit ilikuwa tayari na nafasi ya kumweka mwimbaji wa aina hiyo. Haikuhitaji kumwazima Pan.

Tofauti kati ya simulizi hizi ina uzito zaidi kuliko ulinganifu wake. Katika ngano, zimwi huimba na watoto hufuata. Katika wimbo, wasichana ndio wanaoimba na kiumbe ndiye anayetakiwa kutii. Yeye aruke, yeye avuliwe nguo na mruko wake mwenyewe. Mwindaji amegeuzwa mchezaji wa ngoma ya wenyeji, na wale waliopaswa kuliwa wamekuwa waamuzi wa kipimo cha kucheza. Tukikumbuka kwamba mwaka ni 1950, na kwamba mgeni katika nchi hiyo alitambulikana kwa nguo zake na mamlaka yake, kicheko cha wasichana hawa kinaonekana kuwa na shabaha. Si lazima kudai kwamba wimbo ni tamko la kisiasa. Inatosha kusema kwamba aliyechekwa humo si Mkipsigis.

Mipaka ya Hoja

Hoja hii ina mipaka, na haifai kufichwa. Ndege si paa. Hollis aliandika juu ya Wanandi miaka 41 kabla ya Tracey kurekodi wimbo huu. Aidha, ulinganifu wa muundo hauthibitishi chimbuko. Unathibitisha tu kwamba maelezo ya ndani yanawezekana na kwamba yalistahili kutafutwa kwanza. Zaidi ya hayo, hata ile sifa ya nusu paa imetufikia kupitia maelezo ya mrekodi. Mhakiki anayeinukuu anahakiki muhtasari, si matini. Kasoro hii inawahusu wanaoucheka wimbo na vilevile wanaoutetea.

Viwango vyetu navyo vinahitaji kukaguliwa. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, na wanataarabu waliomfuata walipochota mahadhi ya Misri na ya filamu za Kihindi, wahakiki wa Kiswahili waliona humo usanii wa kupokea na kugeuza. Hakuna aliyedai kwamba Unguja haikuielewa Cairo. Wasichana wa Kipsigis walifanya jambo la jinsi hiyohiyo kwa muziki wa Tennessee, ila wao hawakuwa na mhakiki.

Hitimisho

Waraka wa 1968 wa Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong ulidai kwamba fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kitovu cha masomo jijini Nairobi. Chesaina (1991) alitupatia kitabu kizima cha fasihi simulizi ya Wakalenjin. Katika mwongo wa 2010, Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, aliyoianzisha Tracey, ilishirikiana na mradi wa Singing Wells kuzirejesha rekodi za mwaka 1950 kwa jamii zilizoziimba. Sauti, basi, zimerudi nyumbani. Kilichobaki ni kuziandika neno kwa neno, kwa msaada wa wazee wanaoijua lugha ya wakati ule, kabla hawajatutoka. Mtafiti mchanga atakayeketi na mzee wa Chebunyo, akasikiliza naye wimbo huu tangu mwanzo hadi mwisho na kumwuliza kila neno lina maana gani, huenda akaipindua hoja ya makala haya. Akifanya hivyo kwa ushahidi wa matini, atakuwa ameutendea wimbo haki ambayo haujapata kutendewa.