Aya Mlangoni: Beit al-Ajaib kwa Mizani ya Fiqhi

Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Kigwa kabla ya kuingia Tabora. Pembe zilizobebwa njiani humo, na watumwa waliopitishwa humo, vilichangia utajiri wa Unguja. Kwa hiyo sisi wa bara tunapolitazama Beit al-Ajaib, tunaitazama pia njia yetu.

Sayyid Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883. Kabla ya kutawala aliwahi kuhamishiwa Bombay, baada ya jaribio la 1859 dhidi ya nduguye Sayyid Majid. Athari ya Bara Hindi imo katika nakshi za milango ya Unguja ya zama hizo. Kwa ufundi, jumba linastahiki sifa: nguzo za chuma zimebeba baraza pana kila ghorofa, zinazotoa kivuli na kupokea upepo wa bahari.

Mjadala wetu ni milango mikubwa iliyochongwa aya za Qur'ani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ametaja katika Al-Tibyan kuwa ni makuruhu kuandika Qur'ani kutani na nguoni. Amenukuu pia kauli ya Ata kuwa hapana ubaya kuandika katika kibla cha msikiti. Mlango si ukuta, lakini hofu ni ileile: utashikwa na kila mkono, utaingia vumbi, na iko siku utaanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka. Jengo la wafalme nalo halidumu.

Huenda msomaji akasema kuwa aya mlangoni humkumbusha mtawala uadilifu. Hoja hiyo ina uzito, ila aya hiyohiyo huwa hoja dhidi ya mwenye nyumba. Ni haki kukumbuka kwamba Barghash alitia saini mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Ni haki pia kukumbuka kwamba alifanya hivyo kwa shinikizo la Waingereza.

Rai yetu: milango ihifadhiwe kwa adabu, kwani ni amana ya historia. Lakini ndugu maimamu wanaojenga misikiti Tabora wasiige nakshi kabla ya kuuliza hukumu, wala wasitangulize dhahabu ya mlango mbele ya posho ya mwalimu wa madrasa. Wallahu a'lam.